Naomba ushauri: nianzie wapi kuielewa Sahel?

Wakuu, heshima kwenu. Kijiweni kwetu kila jioni ni nchi za Sahel, ule ukanda wa kusini mwa jangwa la Sahara: Mali, Burkina Faso na Niger. Mzee mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, anasema huo ndio uhuru wenyewe: Wafaransa wamefungashwa virago, na Januari 2025 nchi hizo zikajitoa ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi. Mimi roho inasita. Niamey, mji mkuu wa Niger, walipepea bendera za Urusi baada ya mapinduzi ya Julai 2023, lakini wanavijiji bado wanauawa, na wanajeshi hawajaachia madaraka. Ni ukombozi, au wamebadili mabwana tu? Wenye uelewa, nisome nini kwanza: faranga ya CFA (sarafu yao tangu enzi za Wafaransa), urani ya Arlit kule Niger, au vita vya Libya vya 2011? Nielekezeni, tafadhali.