Mshumaa mnene wa nta ya nyuki unatoboka katikati na kuzimika: tatizo ni utambi au nta?

Binti_Kimara:
Shikamoo kwa wakubwa, na kwa wengine habari za jioni. Ninatengeneza mishumaa ya nta ya nyuki nyumbani, kwa nta ninayoletewa kutoka Tabora. Mishumaa yenye unene wa kidole gumba inawaka vizuri hadi mwisho, lakini ile ninayomimina kwenye vipande vya bomba la plastiki la inchi 2 hutoboa shimo kuzunguka utambi, kisha mwali huzama ndani ya nta iliyoyeyuka huku ukuta wa nje ukibaki mzima. Baadhi yake pia hutatarika kama chumvi iliyotupiwa motoni. Utambi ni uzi mweupe wa Kariakoo, nyuzi 3 zilizosukwa pamoja, kwa mishumaa yote. Je, tatizo ni utambi, nta, au joto hili la Dar? Nauliza kabla sijayeyusha nta iliyobaki, maana bei yake si ya kuchezea.

Mzee_wa_Mizinga:
Marahaba, binti. Jibu limo ndani ya swali lako: utambi unaoumudu mshumaa wa kidole gumba hauwezi kuumudu wa inchi 2. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, na hata ikishayeyuka ni nzito kuliko parafini (nta ya mishumaa ya dukani), kwa hiyo hupanda utambini kwa shida na kuhitaji utambi mnene zaidi ya ule wa mshumaa wa dukani wenye ukubwa uleule. Mwali ukiwa mdogo, joto lake halifiki ukingoni, hivyo nta huyeyuka kuelekea chini badala ya pembeni, na utambi unazama. Joto la Dar tuliache. Linaweza kupinda mshumaa mrefu ulioegeshwa dirishani, basi.

Hakikisha kwanza kwamba uzi huo ni pamba tupu. Choma ncha yake: ukiacha majivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua, ni pamba, ukijikunja na kuacha kitone kigumu, ni poliesta, na haufai kabisa. Kisha chovya utambi kwenye nta ya moto hadi mapovu ya hewa yaishe, uunyooshe ukauke, ndipo uufunge katikati ya bomba. Siwezi kukutajia idadi ya nyuzi, kwa sababu kila uzi una unene wake. Mimina mishumaa mitatu mifupi ya inchi 2, mmoja wenye nyuzi 6, wa pili 9, wa tatu 12, uiwashe pamoja. Ule ambao dimbwi lake la nta iliyoyeyuka linakaribia ukingo bila kutoa moshi ndio kipimo chako.

Fundi_Tandika:
Naungana na mzee kuhusu shimo, lakini kutatarika ni habari nyingine: hayo ni maji yaliyobaki ndani ya nta. Dada, nta inayotoka moja kwa moja kwa warina asali mara nyingi ina mabaki ya asali na chavua, na mabaki hayo huziba hata utambi mnene. Ichemshe taratibu kwenye maji, funika sufuria kwa blanketi ipoe usiku kucha, kisha ukwangue uchafu wa kahawia uliogandamana chini ya bonge. Ikaushe, uiyeyushe tena bila maji, na uichuje kwa kitambaa cha pamba. Usitumie maji magumu ya kisima, ambayo huku kwetu ni mengi, kwa kuwa chokaa yake huweza kuifanya nta iwe kama uji usiotengana na maji. Maji ya mvua yanafaa zaidi. Sufuria ya aluminiamu inatosha, ila ya chuma chenye kutu itaharibu rangi.

Mama_Ilala:
Naongeza moja tu kwa usalama: weka chombo cha nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya mkaa au gesi moja kwa moja. Ikishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwagie maji hata kidogo.

Binti_Kimara:
Nawashukuru sana. Mzee, naomba nimalizie na hili: mishumaa minene hunasa kwenye bomba, na nikiiweka kwenye friza inapasuka.

Mzee_wa_Mizinga:
Friza achana nayo. Nta ikipoa ghafla, tabaka la nje husinyaa kabla ya la ndani, na hapo ndipo inapopasuka. Pasua bomba kwa urefu upande mmoja kwa msumeno wa chuma, ulibane kwa mipira ya kufungia, upake ndani mafuta kidogo sana ya kupikia. Mimina nta ikiwa kwenye nyuzijoto 70 hivi, kwa kuwa plastiki hiyo huanza kulegea karibu na 80. Kishimo kitakachotokea juu ya mshumaa unapopoa ukijazie nta kidogo, kisha uuache hadi asubuhi ndipo ufungue mipira.