Huyu muuza spea wa Gerezani ipo siku mteja atamvua kikokotoo

Hilux_ya_Mzee
Wakuu salaam. Naandika nikiwa bado ndani ya gari, mkono unatetemeka, na malaria sina.

Jina simtaji, mods wasije wakanifungia. Mnamjua. Yule anayekalia siti ya basi, kalamu sikioni, kikokotoo chake kikijumlisha tu, kutoa hakijui. Kama umewahi kukanyaga Gerezani kutafuta spea umeshakutana naye, usijifanye.

Nilikwenda kistaarabu kuulizia mauntingi za injini, vile vishikizo vinavyokalisha injini kwenye chasisi. Pikapu yangu ni Hilux ya 1991, injini yake ya 3L ilishajifia, nikapachika injini ya 1KZ ya Prado. Inavuta hatari. Shida ni mauntingi, zimekwisha. Nikiwasha asubuhi dashibodi inacheza singeli, nikiachia klachi mkono wa gia unanichapa goti, feni nayo inakwangua kava. Nikamuuliza, bosi, kwa gari la kuunga hivi nichukue za mpira, za poliyurethani au zile za chuma kitupu?

Jamaa akanyanyuka. Huyu mtu hanyanyuki hata polisi wakipita. Akatoka nje, akaizunguka pikapu yangu polepole, akaipiga boneti kofi mbili, halafu mbele ya wateja wote, mbele ya mama lishe, akatamka:

"Hii haitaki mauntingi. Hii inataka sanda."

SANDA, wakuu! Mama lishe akaweka mwiko chini ili acheke vizuri. Bodaboda waliokuwa wamelala wakaamka kuulizana nani kafa.

Halafu eti baada ya kunizikia gari ndipo anatoa mzigo wake: vipande vya tairi la lori vimetobolewa kwa nondo ya moto, bado kashata za tairi zinaonekana, anasema "orijino, Japani". Hayo ningemeza. Lakini sanda? Gari ninalolipia bima?

Kiroba_cha_Mkaa
Bila picha ya hiyo pikapu hatuwezi kujua kama ulitukanwa au ulipewa ushauri wa kitaalamu.

gia_ya_tano
"Akaipiga boneti kofi mbili" 😂😂 alikuwa anasikiliza kama bado inapumua

Fundi_Asiyelala
Tuache utani kidogo. 1KZ ni dizeli ya lita 3, silinda nne, kutetemeka ni asili yake. Chuma kitupu waachie watu wa mashindano, ukiweka wewe mtetemo wote unashuka kwenye chasisi na breketi zinaanza kupasuka. Poliyurethani inadumu na haiogopi oili kama mpira, ila ni ngumu, kwenye sailensa, yaani gari limesimama injini inaunguruma, utahesabu meno yako. Gari la kutembelea weka mpira halisi. Kama injini inavuja oili, tibu hilo kwanza, maana mpira ukinywa oili unavimba na kulainika, utarudi dukani. Na ile ya giaboksi badilisha pamoja. Watu wanakaza injini kwa chuma, giaboksi wanaiacha inaning'inia kwenye mpira mchovu, halafu masikio ya giaboksi yakipasuka wanasema wamerogwa. Boliti zikaze mwisho kabisa, injini ikiwa imeshakaa kwa uzito wake wote.

Hilux_ya_Mzee
Asante fundi, nimekuelewa. Ila umesoma alichosema lakini? SANDA. Mbele ya mama lishe.

Mama_Ubwabwa
Mama lishe muacheni. Kwani kucheka kunalipiwa ushuru?

tairi_kipara
Mnazidharau za tairi, Fuso ya baba yangu mdogo ilifika nazo Tunduma.

Kiroba_cha_Mkaa
Ilifika au ilivutwa?

tairi_kipara
Ilifika Tunduma. Kuvutwa ilikuwa wakati wa kurudi.

Shemeji_wa_Mbagala
Mleta uzi una bahati. Mimi huyo huyo kaniuzia shokapu za nyuma, moja ndefu moja fupi. Narudisha, ananiuliza, "Kwani barabara ya kwenu haina mteremko?"

Hilux_ya_Mzee
Afadhali shokapu mkuu. Wewe hukuambiwa neno la msibani.

binti_wa_Tandika
Nyie mnalia spea? Fundi cherehani wangu kakaa na kitenge cha sare ya harusi mpaka harusi imepita, wenyewe wameshaachana, nikipiga simu "njoo Alhamisi".

gia_ya_tano
Huyo wa karibu na sokoni, mwenye redio kubwa? Ana suruali yangu!

Mama_Ubwabwa
Na dera langu la Idi. Siku hiyo nikamkuta mkewe kalivaa.

Shemeji_wa_Mbagala
Dera la maua ya njano?

Mama_Ubwabwa
Wewe umejuaje?

binti_wa_Tandika
Shemeji hebu jibu hapo.

Hilux_ya_Mzee
Wakuu turudi kwenye mada. Mauntingi.

Kiroba_cha_Mkaa
Tulia kaka, kuna watu hawana suruali.

gia_ya_tano
Alhamisi twende wote tukamzingire. Nauli kila mtu yake.

binti_wa_Tandika
Nimempigia sasa hivi. Anasema Alhamisi atakuwa msibani Mkuranga.