Kocha Calipari abaki au aende? Na akienda, nani ashike timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky?

Baba Furaha, Lexington. 22 Machi 2024

Jamani, sijalala. Jana nilikuwa zamu ya usiku, mapumziko yangu yakaangukia dakika za mwisho za mechi yetu na Chuo cha Oakland, mashindano ya Machi ya vyuo. Tukajibana watu saba kwenye simu moja tuliyoiegemeza kwenye chupa ya maji. Yule kijana wa Oakland, Gohlke, kila akishika mpira nasema moyoni sasa watamfuata, na hawamfuati. Alitupa mara 20, zote 20 nje ya mstari wa pointi tatu, 10 zikaingia. 80 kwa 76. Sisi tuliopangwa namba 3 kwa ubora, wao namba 14. Wenzangu wakarudi kwenye mashine, mimi nikabaki nimeshika simu mpaka msimamizi akaniita kwa jina.

Mimi nasema Calipari aende, na sisemi kwa hasira ya jana. 2021 tulishinda 9 tukafungwa 16. 2022 tukatolewa na Saint Peter's, chuo kidogo. 2023 Kansas State, raundi ya pili. Sasa hii. Kila mwaka anakusanya vijana wa miaka 18 wenye majina makubwa, wanakutana na wanaume wa miaka 23 waliokaa vyuoni miaka minne, mitano, na tunafungwa kwa njia ileile. Kilichompa kombe 2012 kimepitwa na wakati, naye kakishikilia.

Semeni, nani aje? Mimi namtaka Scott Drew wa Baylor, kombe la 2021 analo. Na tafadhali tusirudie mambo ya Oscar, yule mrefu wetu wa zamani, maana hata yeye alikuwa anaokota mipira tu, kulinda hakujua.

Mwana wa Lubumbashi. 22 Machi

Anaokota mipira tu???

Baba Furaha, nakuheshimu kama kaka yangu mkubwa, lakini hapo umenigusa pabaya. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alichukua tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa vyuo Marekani 2022. Ribaundi 15 kila mechi, yaani mipira 15 iliyokosa kapu akaidaka yeye, msimu mzima! Hiyo Saint Peter's unayoitaja, yeye alifunga 30 na kuchukua ribaundi 16. Wengine walikuwa wapi? Njo maana sisi tunasema, Mkongo akifanya kazi ya watu watano, mtauliza mbona hakufanya ya wa sita.

Kadinali wa Louisville. 22 Machi

Poleni majirani. Niliamka asubuhi nikadhani kuna msiba Lexington. Sasa Oakland ya California nayo inawafunga?

Baba Furaha

Oakland iko Michigan, kaka. Na wewe wa kunicheka mimi? Timu yako imeshinda mechi 12 kwa misimu miwili. Nne mwaka jana, nane mwaka huu, mkamfukuza kocha hata mashindano hayajaanza. Na lile kombe lenu la 2013 mlinyang'anywa. Rudi nyumbani ukafagie.

Kadinali wa Louisville

Huyo kocha, Kenny Payne, ni zao lenu! Miaka kumi alikaa benchi la Calipari, alichokuja nacho huku ndicho alichojifunza huko. Kwa hiyo hizo 12 ziandikeni kwenye daftari la Calipari. Na kombe la 2013 tuliliona kwa macho yetu, bango wameshusha ukutani, macho hawakutung'oa.

Mama Neema. 23 Machi

Nyie wanaume mnabishana kombe, mimi nauliza hela. Mkataba wa huyu mzee ni wa 2019, miaka kumi, na kumfukuza sasa ni kama dola milioni 33. Milioni 33 mtu asikanyage kazini! Mimi nafanya kazi na wagonjwa, naondoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi. Mnaosema afukuzwe leo, mnasema hela hiyo itoke wapi?

Halafu tusiwe watu wa kusahau. Mafuriko ya mashariki mwa Kentucky 2022, ni Calipari aliyefungua mazoezi kwa watu pale Rupp, uwanja wetu, na kuchangisha mamilioni. Haiti ilipotetemeka 2010, alichangisha vilevile. Mtu anaweza kuwa amechoka kama kocha bila kuwa mtu mbaya. Humu mnaandika kama mmeibiwa.

Baba Furaha

Dada Neema, hakuna aliyesema ni mtu mbaya. Hela zinatoka kwa matajiri wanaokaa viti vya mbele, hazitoki kwako wala kwangu. Turudi kwenye swali: nani aje?

Mwana wa Lubumbashi

Hatujamaliza la Oscar. Futa ile kauli.

Beki wa Nje, Nashville. 23 Machi

Naomba niseme kitu cha uwanjani, maana naona watu wanarushiana mioyo. Nimecheza kikapu, nimefundisha watoto. Baba Furaha hajakosea kabisa. Ribaundi ni jambo moja, kutoka nje kumfuata mtupaji ni jambo lingine. Akija mpinzani kumziba beki wetu njiani, Oscar alibaki chini ya kapu, na yule mtupaji akapata nafasi ya kupumua kabla ya kutupa. Mwili wake ni wa kupigana ndani, si wa kukimbizana na vijana wepesi. Ndiyo maana 2023 timu zote za NBA zilimpita siku ya kuchagua wachezaji wapya.

Lakini tazameni tena mechi ya Oakland. Oscar hayupo, na ugonjwa ni uleule! Gohlke anazungushwa nyuma ya wenzake, anatokea upande wa pili, mrefu wetu kabaki ndani. Mchezaji kaondoka, tatizo limebaki. Sasa la nani, la mchezaji au la kocha? Isitoshe Reed Sheppard, kijana anayeingiza zaidi ya nusu ya mitupo yake ya mbali, juzi pointi 3 tu. Reeves ndiye aliyetubeba, 27.

Mwana wa Lubumbashi

Asante Beki, japo umenichoma nusu ukanitibu nusu. Kwa hiyo unakubali ni la kocha.

Na niwaambie kitu ambacho nyie mliokuja na karatasi zenu tayari hamkijui. Oscar alikuwa na viza ya mwanafunzi. Wenzake walikuwa wanalipwa kwa matangazo hapa ndani, yeye viza haimruhusu kufanya kazi kama hiyo kwenye ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima! Ilibidi angoje timu iende Bahamas, Agosti 2022, akafanyie matangazo yake huko, siku chache, mbiombio, ndipo apate chake. Mimi niliposoma habari ile niliweka simu chini. Nilikaa miaka nikingoja kibali cha kazi, najua kukaa na mikono miwili mizima huku sheria imeifunga. Mtu wa namna hiyo anarudi kucheza mwaka wa pili, ukamwite mwokota mipira?

Mama Neema

Hapo nimekaa kimya. Hilo la Bahamas sikulijua.

Kadinali wa Louisville

Hata mimi wa Louisville namheshimu Oscar. Calipari ndiye simheshimu.

Mzee wa Tangu 96. 25 Machi

Nimesoma yote. Nilifika Kentucky kusoma mwaka 1995, majira ya baridi yangu ya kwanza nilijifunza mambo mawili, kuvaa soksi mbili na kupenda timu hii. Kwa hiyo nivumilieni.

Mnafukuza kocha kana kwamba wanaokuja baada yake huwa bora. Kocha Tubby Smith alituchukulia kombe 1998, msimu wake wa kwanza kabisa. Watu wa hapa wakamsema, wakamsema, mpaka 2007 akajiondokea kwenda Minnesota. Tukamleta Gillispie. Misimu miwili, na 2009 hatukuingia hata kwenye mashindano. Ndipo akaja huyuhuyu Calipari kutuokoa, nusu fainali nne ndani ya miaka mitano, 2011 mpaka 2015. Ile ya 2015 tulikuwa tumeshinda 38 bila kufungwa, Wisconsin wakatuvunja. Sijapona mpaka leo.

Mkiniuliza mimi, akiondoka aletwe mtu aliyewahi kupita hapa. Billy Donovan alikuwa msaidizi wa kocha Pitino hapahapa, ana makombe mawili na Florida. Au yule Mark Pope, kocha wa chuo cha BYU, mmoja wa manahodha wetu wa 1996.

Baba Furaha

Mzee, heshima kubwa kwako, shikamoo. Lakini Pope? BYU yake imetolewa siku ileile tuliyotolewa sisi, na Duquesne, raundi ya kwanza! Hajashinda hata mechi moja ya mashindano ya Machi. Tunaumwa kichwa, unatuletea mtu anayeumwa kichwa kilekile.

Mzee wa Tangu 96

Marahaba mwanangu. Nilimwona akijitupa sakafuni kufuata mpira tukiwa mbele kwa pointi nyingi. Sina hoja nyingine.

Mama Neema. 26 Machi

Haya, mkuu wa michezo wa chuo, Barnhart, amesema leo Calipari anabaki. Fungeni mada, tukapike.

Baba Furaha

Sifungi. Wamebaki naye kwa sababu ya milioni 33, si kwa sababu wanamwamini. Hilo ni baya kuliko kumfukuza. Mtu anakaa kwa kuwa ni ghali kumtoa!

Mwana wa Lubumbashi

Bado sijaona kauli ikifutwa.

Baba Furaha

Ndugu yangu, hivi wewe unataka nini hasa? Nimesema hakujua kulinda, na Beki kanithibitishia.

Beki wa Nje

Sikuthibitisha hivyo! Nimesema hakuhamishika vizuri nje. Ndani alilinda. Usinitumie kama mwavuli wako. 2023 dhidi ya Providence alichukua ribaundi 25 mechi moja, tukavuka kwa sababu hiyo. Kuchukua mpira uliotupwa vibaya ndiko kumaliza ulinzi, mpinzani hapati nafasi ya pili. Hili nawafundisha watoto wa miaka kumi na wanaelewa.

Kadinali wa Louisville. 8 Aprili

NYIE! Amkeni! Calipari anakwenda Arkansas!

Mama Neema

Ni kweli, nimesikia redioni nikiwa naendesha. Kaondoka mwenyewe, chuo hakilipi hata senti ya ile fidia. Milioni 33 zimebaki mfukoni. Mungu anajua kupanga.

Baba Furaha

Nimeomba aende, kaenda, na sijui kwa nini nasikia vibaya. Furaha, binti yangu, alizaliwa 2012, wiki ya ile fainali na Kansas, 67 kwa 59. Nilimbeba mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika rimoti. Ndipo jina lake lilipotoka. Hajawahi kuona Kentucky yenye kocha mwingine.

Sawa. Sasa Drew au Hurley wa UConn. Nyingine sisikilizi.

Mzee wa Tangu 96. 12 Aprili

Drew amekataa. Hurley amebaki UConn na kombe lake la pili mfululizo. Na leo wametangaza. Sitalitaja jina, mlisome wenyewe.

Kadinali wa Louisville

POPE! Mzee, ulijuaje?

Baba Furaha

Sielewi. Mpango wa nne, wa tano huu. Kazi kubwa kuliko zote vyuoni, makombe manane, tunampa mtu ambaye hajavuka raundi ya kwanza? Mzee, nakuheshimu, ila leo nimevunjika moyo kuliko usiku wa Oakland.

Beki wa Nje

Timu zake zinatupa sana kutoka nje, na mrefu wake anagawa mpira, hakai tu chini ya kapu. Ndicho tulichokililia. Mpe msimu mmoja.

Mama Neema. 13 Aprili

Anatambulishwa Rupp kesho, Jumapili, kuingia bure. Mimi nakwenda na watoto, niko zamu ya asubuhi tu. Nani ana nafasi kwenye gari?

Mwana wa Lubumbashi

Nina nafasi nne. Mzee akae mbele. Baba Furaha, na wewe njoo na Furaha, nitawapitia. Ila nitavaa jezi namba 34 ya Oscar, na ukitamka neno "kuokota" ndani ya gari langu nakushusha pale barabara ya New Circle, utembee.

Baba Furaha

Saa ngapi unapita?