Tupeane uzoefu: kipindupindu na majeraha kambini, kutoka Nyando hadi Nakuru

Wanajamvi, mto Nyando ukivunja kingo watu wa Kano huhamia shuleni na makanisani, na kuhara hufuata. Mliohudumu kambini, wekeni hapa vipimo na makosa ya kuepuka.

Nesi, Ahero
Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima kwa saa chache, kwa hiyo msingoje maabara. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, lakini bado anakunywa? Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji), mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa 4. Pakiti ya lita 1 isikorogwe kwenye chupa ya nusu lita. Chumvi ikikolea inamdhuru mtoto. Pakiti zikiisha: lita 1 ya maji salama, sukari vijiko 6 vya chai vya mfuto, chumvi nusu kijiko cha chai.

Aliyelegea, hawezi kunywa, mpigo hausikiki, huyo ni dripu ya Ringer lactate (maji ya mshipani yenye chumvi za mwili), mililita 100 kwa kilo. Kuanzia mwaka 1: 30 za kwanza kwa dakika 30, 70 zilizobaki kwa saa 2 na nusu. Mtoto wa chini ya mwaka: saa 1, kisha saa 5. Mtu wa kilo 60 anahitaji lita 6! Wahudumu wengi hukosea hapa: chupa moja ya nusu lita inatundikwa, inadondoka taratibu, kila mtu anaamini mgonjwa ametibiwa. Weka kanula (mrija wa kuingiza dripu mshipani) nene, namba 16 au 18, hata mikono yote miwili. Dripu ya glukosi tupu haifai, haina chumvi anazopoteza. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake. Msimpe vipimo hivi.

Afya ya umma, Kisumu
Nesi, ongeza zinki kwa watoto: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, chini ya miezi 6, miligramu 10.

Klorini ya unga ya asilimia 70: kunawa mikono, gramu 7 kwa lita 10, sakafu na vitanda, gramu 30 kwa lita 10, matapishi na maiti, gramu 30 kwa lita 1. Changanya upya kila siku, funika, weka kivulini. Maji ya mto yenye tope yatulizwe kwa shabu kwanza, maana tope huimaliza klorini kabla haijagusa vijidudu.

Kliniki, Nakuru
Kambi za vita ni vilevile. Uwanja wa maonyesho hapa ulijaa wakimbizi wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008. Jeraha la panga, risasi au bati lililosombwa na mafuriko: osha kwa maji mengi, kata nyama iliyokufa, funika kwa shashi, USISHONE siku hiyo. Fungua siku ya 4 au 5. Likiwa safi, shona. Uso na kichwa ndiyo hushonwa mapema. Chanjo ya pepopunda isisahaulike.

Na pale mlangoni, mnapoandikisha watu, ulizeni dawa za kila siku: ARV, TB, kisukari, kifafa. Anayejua dawa yake apewe siku hiyohiyo, hata kama kadi iliungua na nyumba.