Wamekata miti karibu 1,000 ya East River Park, halafu wanatuhesabia miche!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Mods, tafadhali msiutupe uzi huu kule jukwaa la mazingira ukafie huko. Hili ni suala la watu na makazi yao.

Kwa wasiopajua: jijini New York, Manhattan ya chini, upande wa mashariki, pale Lower East Side, kuna East River Park, bustani ndefu nyembamba iliyobanwa kati ya mto na barabara kuu ya FDR Drive. Ilifunguliwa 1939. Ng'ambo ya barabara hiyo yamejipanga magorofa ya nyumba za umma: Baruch, Wald, Riis. Wapuerto Rico, Weusi, Wachina, na sisi wachache tuliotokea pande za kwetu. Hawa si watu wenye nyumba ya pili ufukweni ya kukimbilia joto likizidi. Jumapili za kiangazi familia zilikuwa zinavuka daraja la miguu na majiko ya mkaa, nyama inachomwa chini ya miti, wazee wanavua samaki ukingoni, watoto wanacheza besiboli mpaka giza. Na ile miti ndiyo ilikuwa inatukinga kidogo na moshi wa FDR, maana hiyo barabara hailali.

Sasa kabla hamjanirukia: nani asiyekikumbuka kimbunga Sandy? Usiku wa 29 Oktoba 2012 maji yalipanda karibu futi 14 pale Battery, ncha ya kusini ya Manhattan, kituo cha umeme cha 14th Street kikalipuka, sehemu kubwa ya Manhattan ya chini ikawa giza kwa siku kadhaa. Kwenye magorofa marefu, umeme ukikatika lifti zimekufa na pampu za maji zimekufa. Mwenye magoti mabovu ghorofa ya kumi anabaki huko huko mpaka apatikane kijana wa kumpandishia ndoo. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia sitaki kinga ya mafuriko. Kinga tuliiomba sisi!

Kinachoniuma ni namna ilivyoletwa.

Mwaka 2014 serikali kuu ya Marekani ilitenga dola milioni 335 kwa ajili ya eneo hili, baada ya shindano la usanifu. Ukafuata mlolongo wa vikao na wakazi. Watu wametoka kazini wamechoka, wanakaa ukumbini usiku kuangalia ramani na kubandika vikaratasi. Mpango uliotoka humo ulikuwa wa kujenga tuta upande wa FDR, bustani ibaki chini kama ilivyo, mto ukifurika iloe, maji yakishuka ikauke. Hata mpango ule ungekula miti, sikatai. Lakini bustani yenyewe ingebaki bustani.

Septemba 2018 utawala wa meya Bill de Blasio ukageuza meza. Mpango mpya: bustani nzima ivunjwe, imwagiwe udongo, ipande juu futi 8 hivi. Gharama nazo zikapanda kutoka kwenye dola milioni 760 hadi bilioni 1.45. Sababu? Walitaja nyaya kubwa za umeme zilizopita chini ya lile eneo la tuta. Walisema bustani nayo ilindwe dhidi ya bahari inayopanda. Na walisema kujenga kandokando ya FDR kungelazimu kufunga njia za magari usiku. Hiyo ya mwisho irudieni taratibu. Yaani dereva anayepita tu asisumbuliwe, ila anayeishi pale akae miaka bila bustani.

Ukishaamua kumwaga udongo futi 8, hakuna tena mjadala wa mti upi ubaki. Mizizi inayoulisha mti iko karibu na uso wa ardhi na inahitaji hewa. Ukiifukia kina hicho, mti unakufa umesimama. Kwa hiyo uamuzi wa miti ulipitishwa siku ile ile ya uamuzi wa udongo, na mikutano yote ya baadaye kuhusu "kupunguza athari" ilikuwa danganya toto. Ripoti ya wahandisi iliyodaiwa kueleza kwa nini mpango uligeuzwa, wanaharakati waliipigania, na ilipotolewa kurasa zilikuwa zimepakwa wino mweusi kila mahali. Unaficha nini kwenye ripoti ya tuta? Siri za nyuklia?

Baraza la Jiji likapitisha Novemba 2019. Desemba 2021 misumeno ikaingia. Kuna waliokamatwa kwa kujaribu kuizuia. Amri ya muda ya mahakama ilidumu siku chache, ikaondolewa, kazi ikaendelea. Ule ukumbi wa wazi wa 1941, alipoonyesha mtayarishaji wa maigizo Joseph Papp tamthilia za Shakespeare bure mwaka 1956, nao ukavunjwa mwezi huo huo.

Najua watetezi mko humu. Mtasema ile miti aina ya London plane haivumilii chumvi, Sandy iliiumiza, na mafuriko mengine yangeimaliza. Hoja hiyo naikubali nusu. Mingine ilikufa kweli baada ya 2012. Lakini iliyovuka Sandy na bado ikawa na majani miaka tisa baadaye, hiyo ilikuwa imeshafanya mtihani wake.

Mtasema pia wanapanda miti 1,800 na ushee, aina zaidi ya 50, bora kuliko ya mwanzo. Hapa ndipo hasira zangu zilipo. Huwezi kuchukua ng'ombe wa maziwa wa mtu ukamletea ndama wawili ukasema amepata faida. Mtu wa miaka 70 anayeishi Baruch leo hatakikuta kivuli kile. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza misumeno ilipoingia atakuwa na watoto wake ndipo matawi yakutane juu ya njia.

Na msinigeuzie hili kuwa suala la maskini peke yao. Kule Battery Park City, kwa wenye hela zao, bustani yao ya Wagner Park nayo ilifungwa 2023 na kuvunjwa kwa sababu hizo hizo, pamoja na kelele zao na mawakili wao. Tofauti ni kwamba wao wakifunga dirisha kuna kiyoyozi na barabara kuu haiko puani.

Sehemu za kusini za East River Park zilifunguliwa 2025. Nimepita. Nisiwe mchoyo: viwanja ni vizuri, njia ni pana, mtu wa kiti cha magurudumu anafika kirahisi kuliko zamani. Lakini mchana wa Julai watu wamebanana kwenye vipande vya kivuli vya kuhesabu, benchi zilizo juani ziko tupu, na mti umefungwa kwenye vigingi una upana wa mkono wangu.

Kwa hiyo sina ombi la kurudishiwa miti, iliyokatwa imekatwa. Nataka majibu mawili kutoka kwa yeyote humu anayefanya kazi kwenye miradi hii. Mche ukifa mwaka wa tatu au wa nne, mkandarasi akiwa ameshakunja vifaa na wanasiasa wameshapiga picha zao, nani anapanda mwingine na kwa fungu lipi? Na kwa nini mahema ya kivuli hayakuwekwa tangu siku ya ufunguzi, wakati kila mtu alijua miche haitatoa kivuli kwa miaka mingi?

Matusi mkitaka tukaneni, ila hayo mawili yajibiwe kwanza.