Kirikuu ya Lushoto: Carry, Hijet, Acty au Sambar?

Bonde_Usambara
Wakuu, nataka kununua kirikuu, pikapu ndogo ya Kijapani, naomba ulinganisho. Kazi ni kabichi na karoti kutoka shambani kushuka Mombo, kurudi na mbolea na saruji. Barabara za shamba ni udongo mwekundu, masika unateleza kama sabuni. Kwenye minada ya Japani naziona Suzuki Carry DA63T, Daihatsu Hijet S211P, Honda Acty HA7 na Subaru Sambar TT2. Zote 4WD (zinavuta kwa magurudumu manne), gia za mkono, bei hazipishani sana. Nichukue ipi?

Spana_10
Mkuu, kabla ya jina tuongee mzigo. Zote hizo ziko daraja moja kule Japani: urefu mita 3.40, upana 1.48, injini cc 660, na mzigo wa kiwandani ni kilo 350. Hiyo ni mifuko 7 ya saruji, basi. Mtaani wanapakia 15, yaani kilo 750, wakati gari lenyewe tupu lina kama 700.

Fundi atakuambia uongeze majani ya springi. Bodi itanyanyuka kweli, lakini klachi ni ileile na breki ni zilezile, diski mbele na dramu nyuma. Kwako hilo ndilo kubwa, maana mzigo wako mzito *unashuka*. Kilomita 33 za kona hadi Mombo ukikanyaga breki mfululizo, dramu zinachemka, na kama oili ya breki ni ya zamani imeshanyonya maji, inachemka nayo na pedali inazama. Badilisha oili hiyo mara tu gari linapotoka bandarini, halafu kila miaka 2. Shuka na gia ya 2, injini ilie, ndiyo kazi yake.

Kwa swali lako: Carry. Injini K6A, silinda 3, taimingi ya cheni. Spea zake pale Gerezani, Dar, zimejaa, na fundi yeyote wa kirikuu anaijua.

Gasketi_Imeungua
Naunga mkono Carry, ila K6A haipendi joto. Tope la masika linaziba mapezi ya rejeta, mtu anaongeza maji ya bomba badala ya kulanti, kutu inakula pampu ya maji, na kwenye mlima wa gia ya 2 hedi (kichwa cha injini) ya alumini inapinda. Baada ya hapo ni gasketi kila mwezi.

Ukilikagua, hakikisha injini ni baridi kabisa. Nyanyua kiti, injini iko pale chini. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando kama maziwa ya mgando, maji yameshaingia. Fungua kifuniko cha rejeta, washa, mtu akanyage mafuta kidogo. Mapovu yakitoka bila kukoma, gasketi imekwisha. Kisha acha lichemke na usubiri feni iwake yenyewe. Ukikuta feni imeunganishwa moja kwa moja na swichi, jiulize walikuwa wanaficha nini.

Dramu_na_Diski
Msiitupe Sambar hivihivi. Ndiyo pekee hapo yenye silinda 4 na springi za kujitegemea magurudumu yote manne. Kwa mayai au nyanya zilizoiva hakuna inayoifikia. Injini iko nyuma kabisa, kwa hiyo hata ikiwa tupu haitelezi ovyo.

Ila kwa saruji, hapana. Springi za nyuma ni za koili. Ukizidisha mzigo magurudumu yanapanua miguu na tairi zinaliwa upande wa ndani. Taimingi yake ni belti, badilisha kila kilomita 100,000, na kwa gari la mnada ibadilishe tu bila kuangalia kilometa. Acty nayo ni belti, injini iko chini ya bodi mbele ya ekseli ya nyuma, rejeta iko mbele. Mabomba ya maji ni marefu, hewa ikibaki ndani gari linachemka na rejeta imejaa. Fundi asiyejua kutoa hewa atakubadilishia thamostati tatu bure.

Pwani_Mombasa
Huku Kenya gari likizidi miaka 8 haliingii, kwa hiyo DA63T tumeisahau. Sisi ni DA16T au Hijet S510P. Jihadharini na DA16T yenye AGS. Kwenye picha inaonekana kama otomatiki, kumbe ni gia za mkono zinazokanyagiwa klachi na kompyuta. Ikikataa, bila mashine ya kusomea hitilafu umekwama. Tafuteni yenye pedali tatu.

Halafu msitafute jina moja tu. Mazda Scrum DG63T na DG16T ni Carry ileile. Nissan Clipper DR16T pia, lakini Clipper U71T ni Mitsubishi Minicab. Toyota Pixis Truck ni Hijet, na hata Sambar za baada ya 2012 ni Hijet zenye nembo ya Subaru. Nembo isiyo maarufu mara nyingi inashuka bei.

Tairi_Nchi12
Nyongeza mbili. Tairi 145R12 ya 6PR (PR ni kiwango cha uimara wa tairi) inabeba kilo 450, ya 8PR 530. Nyuma weka 8PR, ila zote nne ziwe kipimo kimoja, la sivyo 4WD itajibana. Hiyo 4WD ya kuwasha mwenyewe izime ukifika lami kavu. Haina difu ya katikati ya kuruhusu magurudumu ya mbele na nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, kwenye kona utasikia usukani unakaza na gari linavutwa.

Pili, kutu. Gari la Hokkaido, Tohoku au Niigata limepita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Karatasi ya mnada ikiwa na S ni kutu ya juu, C imeshakula bati. Omba picha za chini: chesi juu ya ekseli ya nyuma, mabomba ya breki, na sakafu ya kebini *zulia likiwa limefunuliwa*.

Bonde_Usambara
Asanteni wakuu. Kuna DA63T ya Niigata, daraja la mnada 3.5, injini safi, lakini chesi imepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa.

Spana_10
Achana nayo. Tafuta yenye kutu unayoiona.