Filamu za zamani za wanyonya damu: nianze na ipi, wasinicheke tena?

MtuWaKideo
Wakuu, habari za jioni. Kila Jumamosi naweka filamu sebuleni: mke wangu, shemeji, na mpwa wangu wa kidato cha tatu. Juzi nikaweka Nosferatu ya 1922, ile bubu ya Mjerumani Murnau, niliyoipakua bure. Balaa. Watu wanakimbia kama kuku, muziki wa disko. Mnyonya damu Orlok kapita mtaani, jeneza kwapani, jua linawaka. Mwishoni jua hilohilo linamwua. Mpwa akauliza: "Mjomba, kwani la kwanza lilikuwa bandia?" Wakacheka mpaka mwisho. Nataka niwapitishe kwenye filamu hizi hadi miaka ya 70. Nipeni mwongozo.

FundiMkanda
Mpwa wako ana jicho, mkuu. Kosa ni la nakala. Zamani usiku haukupigika vizuri kwenye kamera, kwa hiyo walipiga mchana kisha mkanda ukatiwa rangi: ukiona buluu, ujue ni usiku. Nakala nyingi za bure zimefuliwa rangi hiyo, ndiyo maana Orlok anaonekana anaota jua. Tafuta iliyokarabatiwa.

Halafu mwambie hili: habari ya jua kumwua ilianzia kwenye filamu hiyohiyo. Filamu imetokana na riwaya ya Bram Stoker ya 1897, na humo mnyonya damu Dracula anatembea London mchana kweupe. Waliotengeneza filamu hawakuomba ruhusa, mjane wa Stoker akashitaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Baadhi zilinusurika, ndiyo hiyo mliyoicheka.

Binti_Kariakoo
Achana na bubu kwanza. Weka Dracula ya studio ya Waingereza, Hammer, 1958. Ina rangi, damu ni nyekundu kwelikweli, Christopher Lee, ndiye Dracula, ana macho mekundu. Mwishoni Peter Cushing, anayemwinda, anakimbia juu ya meza ndefu na kurukia pazia, jua linaingia. Hapo shemeji hatashika simu. Ile ya Bela Lugosi ya 1931 ni ya baadaye: meno hayaonekani hata mara moja na muziki karibu hakuna. Feni ikiunguruma, mtalala.

FundiMkanda
Dada, hapo sikubali. Bila Lugosi, Lee utampima na nani? Kwanza Universal, studio ya hiyo ya Lugosi, walikuwa na mbili: usiku, kikosi kingine kiliingia kwenye majengo yaleyale kikapiga Dracula ya Kihispania. Kamera yake inatembea zaidi. Mimi naipenda kuliko ya Browning, mwongozaji wa ile ya Lugosi, semeni mtakavyo.

Mgosi_wa_Tanga
Bibi yangu angewacheka wote. Mumiani wake hakuwa na joho wala kasri, alikuja na gari la zimamoto 😂

MtuWaKideo
😂😂 Mgosi acha. Na ya miaka ya 70?

Binti_Kariakoo
Blacula, 1972. Mwana mfalme wa Kiafrika, Mamuwalde, anakwenda kwa Dracula mwaka 1780 kuomba msaada wa kukomesha biashara ya utumwa, anaishia kung'atwa na kufungiwa jenezani. Anaamka Los Angeles. William Marshall, anayemwigiza, ana sauti ya radi. Filamu yenyewe kuna mahali inalegea, lakini yeye halegei.

MtuWaKideo
Basi Jumamosi hii Hammer, inayofuata Lugosi. Fundi, nimemweleza mpwa habari ya buluu. Kakubali kurudia Nosferatu kwa sharti moja: disko lisiwepo.